UZI: Mtoto wa Unguja anataka kuwa mpiga piano wa majukwaa ya dunia. Wazazi, someni kabla hamjanunua kinanda

#1 BintiMkunazini

Assalaam alaykum wanajukwaa.

Wiki iliyopita ilizunguka video ya kijana wetu anapiga piano kwenye hoteli moja ya Mji Mkongwe. Maoni yalikuwa matamu: "huyu anafika London", "huyu apelekwe Ulaya mapema". Tangu siku hiyo simu yangu haipoi. Wazazi wanne wameniuliza jambo lile lile: mtoto wangu anapenda piano, afanye nini hata awe kama wale wanaopiga na okestra kubwa za nje? Nimeona niandike hapa mara moja, kwa urefu, na wenye ujuzi kuliko mimi wanisahihishe.

Kwanza mjue ninakotokea. Nimezaliwa Mkunazini, katika nyumba yenye kanuni, ile ala ya nyuzi ya taarab. Ami yangu alikuwa mpigaji wa kikundi cha taarab, na nikiwa na miaka tisa mimi ndiye niliyekuwa namshikia ufunguo anapokaza nyuzi. Piano sikuigusa mpaka miaka 18, na kwa kazi ninayotaka kuielezea hapa, umri huo jahazi limeshang'oa nanga. Sasa nafundisha watoto, natyuni (yaani narekebisha sauti za nyuzi za) piano chache zilizobaki mjini, na wakija wageni kupiga huitwa niwageuzie kurasa za noti. Kazi hii ya kugeuza kurasa ndiyo iliyonisomesha zaidi. Unakaa kushoto kwa mpigaji, karibu kiasi cha kumsikia pumzi. Unainuka bila ya kugusa kiti, unashika pembe ya juu ya karatasi, unangoja kichwa chake kitikisike. Ukiwa pale unaona mambo ambayo waliolipia viti vya mbele hawayaoni.

Nikupeni moja. Ilikuwa masika. Mpiga piano kutoka Ulaya amefika baada ya Alasiri, onyesho ni baada ya Isha. Nilidhani atakaa aanze kupiga kipande chake kizito ili akizoee. Hakupiga kitu. Alianza na kibao cha mwisho kushoto, kile kinachonguruma, akakibonyeza taratibu, akangoja sauti ife yenyewe, ndipo akaenda cha pili. Piano ina vibao 88. Alivipitia vyote, kimoja kimoja, mimi nimesimama na tochi. Alipofika juu kidogo ya katikati, kibao kimoja cheusi kilizama na hakikurudi upesi. Mbao imevimba kwa unyevu. Niliona haya. Siku tatu nilikuwa nimewasha balbu ya wati 25 ndani ya piano, chini, ili joto lake likaushe mbao, lakini usiku wa kuamkia siku ile umeme ulikatika mpaka asubuhi. Yeye hakusema neno. Alikibonyeza kile kibao mara kumi na zaidi, kwa nguvu tofauti, mpaka akajua kinataka muda gani kuinuka. Halafu akachukua penseli, akafungua karatasi zake, akabadilisha vidole kwenye mistari miwili, na pahala pa tatu akatia alama ya kupumua, pahala ambapo aliyeandika muziki ule hakuitia. Usiku watu walitoka wakisema, kumbe piano ile nzima.

Wazazi wangu, kazi yenyewe ndiyo hiyo. Mpiga udi ana udi wake, kanuni inabebwa kwapani, fidla inaingia ndegeni pamoja na mwenyewe. Piano kubwa ya ukumbini ina urefu wa karibu mita 2.74 na uzito wa karibu nusu tani, nyuzi zake ni kama 230, na mvuto wa nyuzi hizo juu ya fremu ya chuma unakaribia tani 20. Haibebeki. Mpiga piano mashuhuri Horowitz aliporudi Moscow 1986 baada ya miaka 61 alisafirishiwa piano yake mwenyewe kutoka New York, na wanaofanyiwa hivyo duniani wanahesabika kwa vidole. Waliobaki hufika mji wasioujua, hukuta chombo wasichokijua, na hupewa saa moja au mbili za kufahamiana nacho. Jioni watu wanataka wasikie kama vile wamezaliwa pamoja. Kesho yake uwanja wa ndege, mji mwengine, piano nyengine. Richter, ambaye wengi wanamhesabu miongoni mwa wapiga piano wakubwa wa karne ya 20, mwaka 1986 alivuka Siberia kwa gari na treni akipiga katika miji midogo, naye ameshapita miaka 70.

Nasema haya mwanzo kwa sababu watu wengi wanaiona kazi hii kuwa ni vidole vya haraka. Vidole vya haraka wanavyo maelfu. Kinachotafutwa ni sikio, na mtu atakayekaa na jambo moja dogo saa nzima bila ya kuchoka nalo.

Nitaendelea baada ya Magharibi, naenda kuchukua mtoto chuoni.

#2 Nahodha_Malindi

Dada, uzi mzuri, lakini mbona unatutisha? Freddie Mercury alizaliwa hapa hapa, na dunia nzima ilimjua. Kama yeye aliweza, kwa nini wengine wasiweze?

#3 BintiMkunazini

Nahodha, ahsante kwa kuja. Kweli Freddie Mercury alizaliwa Unguja, 1946, na nyumba ya kumbukumbu yake ipo Shangani. Lakini piano alijifunza akiwa skuli ya bweni India, na alikopata jina ni kwenye roki. Mpiga roki akiwa na sauti yake na nyimbo zake mwenyewe, hakuna anayemuuliza alianza na mwalimu gani. Njia ninayoizungumza ina milango yake, na milango hiyo ina umri.

Tuanze na huo umri. Wengi waliofika walianza miaka mitano, sita. Mkono wa mtoto unapokua huku unapiga, vidole hujifunza kuachana: kidole cha nne kinajua kusimama bila ya kumtegemea wa tatu. Ukianza ukubwani utapiga vizuri, utafurahi, utafundisha, mimi ni shahidi. Lakini vipande vinavyodaiwa kwenye mashindano vinataka mkono uliolelewa.

Halafu saa. Mwanafunzi aliyefika chuo kikuu cha muziki Moscow au Paris anakaa kwenye piano saa nne mpaka sita kila siku. Anatakiwa awe na muziki wa mtunzi Bach, ambaye katika vitabu viwili tu vya utangulizi na fyuga (kipande ambacho sauti kadhaa zinafuatana na wimbo mmoja) ana jozi 48. Awe na sehemu nzuri ya sonata 32 za Beethoven, yaani vipande virefu vya sehemu kadhaa. Awe na etyudi za Chopin, yaani vipande vya kuzoeza vidole. Na awe na koncheto kadhaa, yaani vipande vya piano na okestra, ambavyo akiamshwa usiku wa manane ataweza kuvipiga.

Hili la kuamshwa usiku sikulitia chumvi. Angalieni watu walivyopata njia. Mwaka 1963 mpiga piano Glenn Gould aliugua, na André Watts, kijana wa miaka 16, akaitwa apige badala yake na okestra ya New York, chini ya kiongozi wa okestra Bernstein. Miaka 36 baadaye, 1999, Watts mwenyewe akashindwa kupiga karibu na Chicago, akaitwa kijana wa Kichina wa miaka 17 asiyejulikana sana, akapiga koncheto ya kwanza ya Tchaikovsky. Huyo ni Lang Lang, ambaye leo dunia nzima inamjua. Mwaka 2007 Martha Argerich alijitoa Boston, akaingia Yuja Wang. Simu inapigwa, unaulizwa: unayo hii? Unatakiwa ujibu "ninayo" na iwe kweli unayo. Waliokuwa nusu nusu waliulizwa pia, na majina yao hatuyajui.

#4 MzeeWaKikwajuni

Binti yangu, nakusoma na moyo unanidunda. Umelelewa na kanuni halafu unawaelekeza watoto wetu kwenye piano. Piano haina Bayati. Haina Rasti, hizo ngazi za sauti za taarab yetu. Kuna sauti baina ya kibao na kibao ambayo Mungu ameiumba na piano haiijui. Mtoto akishazoea vile vibao vya Kizungu, sikio lake halirudi tena. Na hawa wa vikundi vya taarab vya Culture Musical Club na Ikhwani Safaa wamefika Ulaya na kanuni zao na fidla zao, tena wakapigiwa makofi. Kuna haja gani ya kwenda kushindana na Mrusi kwa chombo chake?

#5 BintiMkunazini

Shikamoo mzee wangu. Swali hili nimeishi nalo miaka ishirini, niruhusu nilijibu bila ya haraka.

La Bayati ni kweli tupu. Kanuni ina nyuzi tatu tatu kwa kila sauti, na pembeni ina vile vipini vidogo vya chuma vinavyoinua au kushusha sauti kwa kiasi kidogo, kwa hiyo mkono wa kushoto unakwenda kuitafuta ile robo ya sauti na kurudi. Piano imeshafungwa. Oktavu moja, yaani kutoka sauti moja mpaka ile ile ya juu yake, imegawiwa sehemu 12 zilizo sawa, ukitaka kilicho katikati yake hukipati. Siku ya kwanza nilipokaa kwenye piano nilitafuta ile sauti yetu mpaka machozi yakanitoka. Haipo.

Lakini mzee wangu, sikio halikupotea. Mimi natyuni piano kwa sababu ami yangu alinitia kanuni masikioni. Piano nayo, kwenye sehemu kubwa ya vibao, kila kimoja kina nyuzi tatu zinazopigwa na nyundo moja. Zikiachana kwa unywele tu, sauti inatetemeka, inasema waa-waa-waa. Watoto wengi wanaoanza na kinanda cha umeme hawaisikii ile mitetemo, kwa sababu kinanda chao hakiachani kamwe. Mtoto aliyekulia penye kanuni anaisikia hapo hapo, anageuka, anauliza, "Bi, mbona hii inalia?" Nimewaona wanafunzi wawili wa aina hiyo maishani mwangu, na wote wawili walinishangaza. Kwa hiyo simtoi mtoto kwenye kanuni. Natamani kila mtoto wa piano hapa apite kwanza kwenye kanuni au fidla.

Na la kwenda kujifunza kwa wengine, sisi ndio tulioanza. Sultani Barghash, karne ya 19, alimtuma Mohammed bin Ibrahim Cairo akajifunze kanuni. Alikwenda kwa Wamisri, kwenye chombo chao, akarudi nacho, na leo tunasema ni chetu. Siti binti Saad alipanda meli mwaka 1928 akarekodi Bombay, bila ya skuli, bila ya wakala wa kumpangia hoteli. Kuvuka bahari kwa ajili ya sauti si jambo geni kisiwani hapa. Tena wapo Waafrika wanaoifanya piano iseme lugha zetu. Akin Euba wa Nigeria aliandika muziki wa piano unaopigwa kama ngoma, mkono mmoja una mdundo wake na wa pili una wake. William Chapman Nyaho, Mghana, amekusanya vitabu vitano vya muziki wa piano wa Afrika na wa Waafrika walioko ughaibuni. Rebeca Omordia, mwenye asili ya Nigeria na Romania, alianzisha London mwaka 2019 mfululizo wa maonyesho ya muziki wa aina hiyo hiyo. Siku moja atakaa mtu wetu aandike muziki wetu wa kidumbak kwa vibao 88, na nitataka nimgeuzie kurasa mimi.

#6 MzeeWaKikwajuni

Umenijibu vyema. Bado moyo wangu uko kwenye kanuni, lakini nimekufahamu. Allah akuzidishie.

#7 Mama_Wete

Bi Mkunazini, mimi niko Pemba. Binti yangu ana miaka saba. Kuna kinanda kidogo cha betri alichokileta mjomba wake kutoka Dar, basi hakiachi, akisikia adhana anazima, ikiisha anarudi. Anatoa nyimbo za kaswida kwa kusikia tu, bila ya kufundishwa. Baba yake hana kinyongo ila anauliza mambo matatu: pesa zake zikoje, mtoto wa kike atasafiri vipi, na huku Pemba hatuna piano, atafanyia wapi mazoezi? Niambie ukweli, usinifiche.

#8 BintiMkunazini

Bi Mama Wete, nakupa mkono kwa swali zuri. Sikufichi.

Pesa. Hakuna mshahara. Mpiga piano wa aina hii hulipwa kwa kila onyesho, na maonyesho hupangwa miaka miwili au mitatu mbele, kwa hiyo leo anahangaikia mkate wa mwaka kesho kutwa. Wakala wake huchukua asilimia 10 mpaka 20. Mara nyingi tiketi, hoteli na visa vinatoka kwenye kile kile alicholipwa. Msimu wa kumbi za Ulaya unaanza Septemba unamalizika Juni, miezi ya kiangazi kuna matamasha. Wachache waliopo juu kabisa ni matajiri. Chini yao kuna wapigaji wazuri mno, wenye zawadi za mashindano, ambao wanaishi kwa kufundisha na kupiga mara mbili tatu kwa mwezi. Mimi sioni ubaya wowote wa maisha hayo, lakini baba yake lazima ayajue.

Na mkono ni mtaji unaoweza kuondoka. Leon Fleisher, Mmarekani, alikuwa kileleni, miaka ya 1960 katikati vidole viwili vya mkono wa kulia vikaanza kujikunja vyenyewe. Hakuweza kuvinyoosha. Miaka mingi alipiga vipande vya mkono wa kushoto tu, akafundisha, akaongoza okestra, mpaka alipopata tiba na kurudi na mikono miwili katika miaka ya 1990. Kuna koncheto ya Ravel ya mkono wa kushoto ambayo iliandikwa kwa mpiga piano Paul Wittgenstein, aliyekatwa mkono wa kulia kwenye Vita vya Kwanza. Ndiyo maana huwa nakuwa mkali darasani mtoto akisema "mkono unaniuma, lakini naendelea". Haendelei. Anafunga piano, ananywa maji.

Kusafiri kwa binti. Hapa nina donda langu mwenyewe. Nilikuwa na mwanafunzi, kijana mwenye umri wa miaka 16, alialikwa kambi ya majira ya joto ya wiki tatu Ulaya. Barua ya mwaliko ipo, mahali pa kulala papo, tiketi imechangwa na jamaa na majirani. Ubalozi mmoja ukamnyima visa, karatasi ikasema hakuna hakika kwamba atarudi. Mtoto ana mama, ana ndugu watano, ana mtihani wa skuli mwezi wa kumi. Aliniuliza, "Bi, nilikosea wapi?" Sikuwa na la kumwambia. Aliacha piano kwa mwaka mzima. Wenzake wa Ulaya wanapanda treni asubuhi wanakwenda kupiga nchi ya jirani, wetu anaanza kukusanya karatasi miezi mitatu kabla, na hata akishapata visa ya Schengen, ile ya nchi nyingi za Ulaya, ana siku 90 ndani ya siku 180, haongezi. Ratiba ya mpiga piano haikai ndani ya siku 90. Kwa hiyo karibu kila aliyetoka nchi kama zetu ilimbidi ahamie huko akasome, akaishi. Hilo ndilo gharama kubwa kuliko pesa: miaka kumi ya Idd mbili mbali na nyumbani.

La mavazi na heshima lisikutie hofu. Jukwaani mwanamke anavaa anachoona kinamsitiri, gauni refu ndilo la kawaida, na mtandio haumzuii mtu kupiga. Ninachokagua mimi ni mikono ya nguo tu: isibane kiwiko, na isiwe mipana ikafagia vibao. Bangili anavua.

Sasa piano huko Pemba. Nitakwambia kisa cha Rachmaninoff, mtunzi na mpiga piano wa Kirusi. Mwaka 1909 alisafiri kwa meli kwenda Marekani kupiga koncheto yake mpya, ya tatu, moja ya ngumu kuliko zote. Hakupata muda wa kuimaliza mazoezi, basi alichukua kinanda bubu, vibao tu visivyo na sauti, akafanyia mazoezi humo melini. Mtu akisikia kisa hiki husema, basi hata mtoto wangu anaweza na kinanda chochote. La. Rachmaninoff sauti alikuwa nayo kichwani na uzito wa kibao alikuwa nao vidoleni tangu utotoni. Mtoto wa miaka saba bado hana hivyo, anavitafuta. Kwenye kinanda kidogo cha betri kibao hakina uzito, ukikigusa kwa upole au kwa nguvu kinatoa kile kile. Anajifunza wimbo, hajifunzi mguso.

Kama hakuna piano ya kweli, tafuteni kinanda cha umeme chenye vibao 88 vyenye uzito, siyo vile vya vibao 61, na pedeli yake. Piano ya zamani ya bure msiikubali kwa pupa. Nimeletewa piano ambazo zimekaa miaka karibu na bahari: nyuzi zimeota kutu, kitambaa kizito kilichovikwa nyundo kimeliwa na nondo, ubao wa vigingi umepasuka, ukikaza uzi leo kesho umelegea. Kuipandisha jahazini na kuishusha tu kunagharimu kuliko thamani yake. Niiteni kwanza niiangalie, sitozi kitu kwa kuangalia.

#9 Nahodha_Malindi

Mimi na familia yangu ndio tuliochanga tiketi ya yule kijana wa visa. Yuko wapi sasa?

#10 BintiMkunazini

Amerudi kwenye piano. Anapiga, tena anafundisha wadogo siku za Jumapili. Hakwenda tena kuomba, ila mwaka huu ameniambia anataka kujaribu. Mungu akulipeni.

#11 Kijana_Mwanakwerekwe

Bi, mimi nina swali la kitaalamu. Wale wanapigaje saa mbili bila ya karatasi? Mimi nikipiga kipande cha kurasa nne tu, ukurasa wa tatu unapotea. Na je, mashindano ni lazima?

#12 BintiMkunazini

Kijana wangu, umesoma chuo cha Kurani? Basi jibu unalo. Silinganishi kitu chochote na Kitabu, nazungumzia njia ya kuhifadhi tu. Mwalimu wako hakukwambia uhifadhi juzuu kwa siku moja. Alikupa aya chache, ukazirudia mpaka zikakaa, kesho ukasomeshwa mpya na kurudishwa za jana, na za wiki iliyopita, na za mwezi uliopita. Murajaa. Ukiiacha siku chache, unajua kinachotokea. Piano ni hivyo hivyo. Na pahala unapopotea mara zote ni pale ambapo aya mbili zinafanana mwanzo na zinaachana mwisho. Kwenye sonata pia mada inarudi, mara ya kwanza inakwenda kulia, mara ya pili inakwenda kushoto. Tia alama kwenye hiyo njia panda, jifunze hiyo tu, mbali mbali, mpaka uweze kuanzia hapo hata ukiulizwa ghafla. Huo ukurasa wako wa tatu nina yakini una njia panda.

Kuna video ya Maria João Pires, Mreno, Amsterdam, naomba uitafute. Amekaa kwenye piano, okestra ya Riccardo Chailly inaanza, na yeye uso unambadilika: wameanza koncheto ya Mozart ambayo siyo aliyojiandaa nayo. Watu wapo, muziki unakwenda. Unaona anashika kichwa, anazungumza na Chailly, Chailly anatabasamu na kuendelea kuongoza, akimwambia unaweza. Utangulizi wa okestra unamalizika, anaweka vidole, anaipiga yote, bila ya karatasi. Alikuwa ameihifadhi zamani, na murajaa wake ulikuwa hai. Mimi huwaonesha wanafunzi wangu kila mwaka, na kila mwaka pale anapoweka vidole naishika shela yangu.

Mashindano si lazima, lakini kwa asiye na mtu wa kumfungulia ndiyo mlango uliopo. La Chopin, Warsaw, lilianza 1927 na hufanyika kila baada ya miaka mitano. Argerich alishinda 1965. Mwaka 1980 alishinda Dang Thai Son, na huyu nataka kila mzazi wa visiwa hivi amjue. Amezaliwa Hanoi 1958. Vita vilipokuja, skuli ya muziki ilihamishiwa vijijini, naye akakulia huko, mama yake mpiga piano ndiye mwalimu wake. Baadaye akapata nafasi Moscow, na kutoka hapo akaenda Warsaw akawa mtu wa kwanza kutoka Asia kulishinda lile shindano. Alikuwa na vitu viwili ambavyo vita havikumnyang'anya: mwalimu aliyejua kazi tangu mwanzo, na saa za kila siku. Warusi walipokuja wakamsikia, kitu cha kusikia kilikuwepo.

Nikiulizwa hapa Zanzibar tunakosa nini, sisemi vipaji. Tangu 2002 tuna Chuo cha Muziki cha Nchi za Jahazi, kilichojulikana sana pale Forodha ya zamani Mizingani, na kimetoa wapigaji wa taarab wanaozunguka dunia. Tunachokosa ni piano tano sita zilizo nzima, ndani ya vyumba vikavu, ambazo mtoto wa miaka saba anaweza kuzifikia kwa miguu baada ya skuli, kila siku, bila ya kumuomba mtu mzima ufunguo. Na fundi wa pili wa kutyuni, kwa sababu mimi mgongo umeanza. Nikipata kijana mwenye sikio na mkono mtulivu namfundisha bure, na zana zangu namrithisha.

#13 Mama_Wete

Nimemsomea baba yake yote, pamoja na ya visa na ya yule aliyejikunja vidole. Alinyamaza muda mrefu. Halafu akauliza, huyo Bi yupo siku gani? Tuna safari ya kuja Unguja mwisho wa mwezi kwa harusi ya shangazi yake. Tunaweza kumleta umsikie? Yeye hajawahi kuiona piano ya kweli.

#14 BintiMkunazini

Mleteni Jumamosi asubuhi, kabla ya saa tatu, piano haijapata joto la jua. Harusini atapakwa hina, haidhuru, ila kucha zikatwe fupi. Na hicho kinanda cha betri mje nacho, nataka anipigie kwanza hizo kaswida kwenye chombo alichokizoea. Piano nitamfungulia baadaye, na nitamwacha aanze mwenyewe na kibao cha mwisho kushoto.